Uzi Uliopita Juu ya Meno

Tik.

Ndivyo uzi ulivyolia ulipokatika. Haukuwa mshindo. Ilikuwa kama mtu amebananisha kucha mbili kisha akaziachia. Ndani ya ukumbi wa mashine za kukunja uzi, ambamo mgeni akiingia huziba masikio na kukunja uso kama aliyetafuna ndimu, sauti ndogo kama ile haikuwa na haki ya kusikika. Lakini yeye aliisikia tangu wiki yake ya kwanza kazini, akiwa msichana aliyefunga nywele kwa kitambaa cha kuazima, shangazi yake amesimama nyuma yake na kumshika mabega.

"Usiutafute kwa macho," shangazi alimwambia, mdomo umegusa sikio. "Ukiutafuta kwa macho utakuta koni imekaa bure muda mrefu. Tega sikio. Umeusikia huo?"

"Nimeusikia."

"Uko wapi?"

Msichana akanyoosha kidole kuelekea mwisho wa mashine, na kweli, kule mwisho uzi ulikuwa unaning'inia. Shangazi akapiga makofi, akawageukia wenzake. "Huyu ana masikio ya paka!" Wenzake wakacheka, ingawa hakuna aliyesikia neno. Waliusoma mdomo wake. Ndani ya ukumbi ule watu hawakusemezana kwa sauti, wangesema hadi koo zikauke. Neno lilichorwa kwa midomo, polepole, zima zima, na mwenzako wa upande wa pili wa mashine akalipokea kwa macho. Umbea wote wa kiwanda ulipita hivyo, kimya kimya, juu ya makelele.

Kazi yenyewe, ukimweleza mtu wa nje, ni ndogo. Uzi hutoka kwa wasokotaji ukiwa kwenye bobini nyembamba. Mashine inaukunjua na kuukunja upya kwenye koni kubwa za karatasi ngumu, na koni hizo ndizo zinazokwenda kwa wafumaji. Ila uzi hautoki kwa wasokotaji ukiwa safi. Una vinundu, una sehemu zilizovimba kama mshipa wa mtu mwenye hasira, una vipande vya maganda ya mbegu vilivyoponyoka tangu shambani. Kwa hiyo katikati ya safari kila uzi hupitishwa kwenye kitu ambacho mafundi wana jina lake refu, lakini wakunjaji hukiita meno: vipande viwili vya chuma vilivyosimama ubavu kwa ubavu, na katikati yao ufa mwembamba. Uzi safi unapita bila hodi. Kinundu kikija kinakwama, uzi unakatika, tik, na mkunjaji anakuja. Anaondoa pale pabaya, anafunga fundo dogo lisiloonekana, anayapuliza meno kwa mdomo, fuu, kutoa vumbi la pamba lililonasa ufani, kisha anauachia uzi uendelee.

Kufunga na kupuliza. Shangazi alimfundisha kwamba hayo mawili ni tendo moja. Anayefunga bila kupuliza, alisema, ni kama mtu anayenawa uso akaacha tongo machoni.

Miaka ikaenda. Shangazi akastaafu, na baadaye akatangulia mbele ya haki. Nywele za yule msichana zikaingia mvi, na pale kiwandani hakuna aliyemkumbuka tena kwa masikio yake. Walimjua kwa sauti yake. Walimwita Tarumbeta.

Jina lilimkaa. Akikusalimia, unaruka. Akiwa gengeni ananunua nyanya, watu wa genge la pili wanajua siku hiyo anapika nini. Siku moja alikwenda kumjulia hali mgonjwa, akamuuliza kwa upole kabisa kama amepata choo, na wodi nzima ikageuka kumtazama mgonjwa. Muuguzi akamshika mkono na kumtoa nje.

"Dada, tuko chumba kimoja," mdogo wake alizoea kumwambia.

"Kwani nimepaza sauti?"

"Jirani amekujibu."

Na kweli jirani alikuwa amejibu, kutoka upande wa pili wa ukuta: "Chumvi ipo, njoo uchukue!"

Tarumbeta alicheka kwa hayo, lakini si sana. Kama angeulizwa, angesema tatizo si lake. Watu wa siku hizi wananong'ona. Redio zinazotengenezwa siku hizi hazina nguvu. Mdogo wake mwenyewe alikuwa na tabia ya kusema huku amegeukia jiko, na nani atamwelewa mtu anayeongea na sufuria?

Waliishi wawili tu, vyumba viwili vilivyofunguana, dirisha moja likitazama ukuta wa fundi cherehani na jingine likitazama kamba ya nguo. Mama yao alifariki mdogo akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na mgongo uliombeba ulikuwa wa Tarumbeta. Alimlisha, akamwogesha, akamchapa mara moja na kulia yeye. Alipokua akamwingiza kiwandani, si kwenye kukunja uzi bali kwenye kufuma, kwa sababu mfumaji anapoulizwa na watu anafanya nini, anaweza kuonyesha kitambaa. Mkunjaji ataonyesha nini?

Mwaka huo habari ilikuja kwamba mitambo ya kufumia ya zamani itang'olewa yote. Banda jipya lilikuwa linajengwa nyuma ya ghala, bati zake bado zinang'aa. Wafumaji watakaohamia humo ni wale ambao vitambaa vyao vinatoka safi. Waliobaki watashukuriwa kwa utumishi wao. Kila mtu alijua maana ya kushukuriwa.

"Wewe huna wasiwasi," Tarumbeta alimwambia mdogo wake. "Uzi wako natengeneza mimi."

Hakuwa anajisifu bure. Kila mkunjaji alikuwa na rangi yake. Kabla ya kuvisha koni kwenye mashine alichomeka tumboni mwake kipande kidogo cha kitambaa, ili koni ikirudishwa na lawama, lawama ijue njia ya nyumbani. Rangi ya Tarumbeta ilikuwa kijani, aliyoirithi kwa shangazi. Ya jirani yake wa mashine, mwanamke mcheshi mwenye mwanya, ilikuwa nyekundu, na kwa hiyo akaitwa Wekundu. Tarumbeta alikuwa ameshampa maagizo mzee anayesukuma toroli la koni, maagizo yaliyosikika hadi kwenye ofisi ya mapokezi.

"Kijani zote kwa mdogo wangu! Zote! Zikiisha mpe nyeupe. Nyekundu usimpe hata kama anakufa!"

"Nimekuelewa, mama," mzee alisema. "Na walioko barabarani wamekuelewa."

Na kama kuna wakati Tarumbeta aliiamini rangi yake, ni miezi ile. Pamba ilikuwa mbaya, kila mtu alisema hivyo. Wasokotaji walileta uzi wenye mabonge kama uji uliopikwa na mtu mwenye haraka. Upande wa pili Wekundu alikuwa akikimbia tangu asubuhi, anafunga huku, unakatika kule, anarudi, anatukana kwa midomo matusi ambayo Tarumbeta aliyasoma yote na kuyafurahia. Lakini mashine ya Tarumbeta ilikwenda. Mwanzoni mwa msimu ilimsumbua sana, hata akawa anakuta nyuzi kadhaa zimekatika kwa pamoja na anazifunga mbio mbio bila kuvuta pumzi. Kisha ikatulia, ikatulia kabisa. Siku nyingine alisimama mikono kiunoni na hakuwa na cha kufanya.

"Mashine yako inaogopa sauti yako," Wekundu alimchorea kwa midomo.

"Ni mkono, shoga! Mkono!" Tarumbeta alijibu, akaonyesha vidole vyake kama mtu anayeonyesha pete.

Kwa hiyo mdogo wake aliporudi jioni moja na kutupa mkoba kitandani, akakaa bila kuvua viatu, Tarumbeta hakujua aanzie wapi kushangaa.

"Wamenirudishia kitambaa," mdogo alisema.

"Nini?"

Mdogo akageuka amtazame usoni. "Kitambaa changu. Kimerudi. Kina alama za chaki mwanzo hadi mwisho. Vinundu, dada. Kama kimepata ndui."

"Vinundu vya nini? Uzi wangu hauna vinundu!"

"Sijasema uzi wako."

"Sasa umefuma na uzi wa nani?"

Mdogo alifungua mdomo. Tarumbeta, aliyezoea kusoma midomo, aliliona neno likianza kuchorwa, kisha likarudishwa ndani na kumezwa. "Labda ni mkono wangu," mdogo akasema. "Labda mtambo unanivuta vibaya."

"Mkono wako hauna kitu! Nimeulea mimi mkono huo!" Na jirani, upande wa pili wa ukuta, akagonga mara mbili kuomba amani.

Kitambaa kilirudi tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Tarumbeta akawa mtu asiye na raha. Chai ilimchacha mdomoni. Alizungumza na vyombo wakati wa kuviosha. Kitu kilichomkera zaidi ni kwamba kila alikokwenda kutafuta kosa, kosa lilikuwa limeshahama. Wasokotaji walimwambia awaulize wa ghala la pamba. Wa ghala wakamwambia mvua ndiyo iliyoharibu. Na mvua huwezi kuisimamisha mlangoni ukaiuliza.

Akatafakari, akalipata jibu lake mwenyewe. Ni Wekundu. Haiwezekani uzi umkatikie Wekundu hivyo kutwa nzima naye avumilie tu. Lazima ameyalegeza meno yake ili apumzike, na uchafu unapita, na yule mzee wa toroli, macho yamemwisha, anachanganya koni. Akalipenda jibu hilo kama mtu anavyopenda kiti alichokikalia muda mrefu.

Akamfuata fundi wa mitambo. Fundi huyu aliitwa Kesho, alilijua jina hilo, na halikumuudhi.

"Fundi, njoo ubane meno ya mwenzangu! Yamelegea! Anapitisha uchafu!"

"Salamu kwanza, dada."

"Salamu baadaye. Meno!"

Fundi akafuta mikono kwa tambara chafu kuliko mikono yenyewe. "Wekundu kaja hapa asubuhi kulalamika kwamba meno yake yanabana mno, uzi unamkatikia kila akigeuka. Wewe unaniambia yamelegea. Nimsikilize nani?"

"Nisikilize mimi!"

"Nakusikiliza, dada. Nitake nisitake. Nitakuja kesho."

"Kesho ipi?"

"Ile inayokuja."

Akarudi kwenye mashine yake na moyo umejaa hadi shingoni. Wekundu alikuwa upande wa pili, jasho linamtiririka, vumbi la pamba limemganda kwenye nyusi kama mtu aliyezeeka ghafla. Tarumbeta akagonga chuma kwa kisu cha uzi ili amtazame.

"Uzi wako unakwenda kwa mdogo wangu," akachora kwa midomo.

"Unasemaje?"

"Uzi wako. Mchafu. Umelegeza meno."

Wekundu akacheka kwanza, mwanya wake ukaonekana wote. Akaona mwenzake hacheki. Akaacha bobini aliyokuwa ameishika, akazunguka mashine, akaja hadi karibu, na mara moja hiyo akatumia sauti.

"Mimi huku nafunga mafundo hadi vidole vinawaka moto. Wewe umesimama hapo kama bibi harusi, mashine inajiendea yenyewe. Halafu mimi ndiye mchafu?"

"Nimesema ulichosikia!"

"Na wewe unasikia nini?" Wekundu aliuliza. "Nilikuita tangu asubuhi, nimekuita hadi nimechoka, nilitaka kukupa muhogo wangu wa kuchemsha. Kula yako, nile yangu." Akarudi upande wake. Tangu hapo mdomo wa Wekundu haukuchora tena neno kwa Tarumbeta, na siku ikawa ndefu ajabu bila umbea.

Mdogo wake akapata barua ya mdomo, kama walivyoita agizo la msimamizi: siku ya usafi, baada ya mapumziko ya chai, afike chumba cha ukaguzi na kitambaa chake cha mwisho. Hapo ndipo majina ya banda jipya yangekamilishwa.

"Nitakuja na mimi," Tarumbeta alisema.

"Dada, tafadhali."

"Tafadhali nini?"

"Usije kunipigania. Ukinipigania wanasikia kelele tu, hawasikii maneno." Alisema hivyo bila ukali, akikunja nguo. Tarumbeta alimtazama anavyozikunja, pembe kwa pembe, kama alivyomfundisha, akakasirika bila kujua amemkasirikia nani.

Siku ya usafi mashine zote husimama. Ukumbi uliozoea kutikisika unabaki na sauti za mifagio na vicheko, na watu hujikuta wanaongea kwa sauti za kawaida, wanashangaana sauti zao kama wageni. Wengine waliupenda ukimya ule. Tarumbeta hakuupenda, maana kwake haukuwa ukimya. Mlio mwembamba ulimjaa kichwani, haukomi, kama birika lililosahauliwa jikoni. Hakuwahi kumwambia mtu. Angemwambia nani, na kwa faida gani? Mkunjaji asiyesikia hupewa ufagio.

Na siku hiyo, kwa maajabu yake, fundi Kesho alikuja.

"Haya," akamwambia Wekundu. "Tuyaone hayo meno yanayobana na kulegea kwa wakati mmoja."

Wakunjaji wakasogea kuangalia, maana kumwona Kesho leo lilikuwa jambo la kusimulia nyumbani. Tarumbeta naye akasogea, amekunja mikono kifuani, akingoja haki yake itoke. Fundi akachukua bamba jembamba la chuma, akalipitisha ufani mwa meno ya Wekundu, moja baada ya jingine. Akatikisa kichwa. "Yako sawa sawa. Hayabani, hayajalegea. Mbaya ni uzi." Kisha, ili asibishwe, akazungusha koni moja kwa mkono, polepole, uzi ukapita kwenye meno mbele ya macho ya wote.

Tarumbeta alikuwa anawatazama watu, si uzi. Ndiyo maana aliona. Nyuso zote, kwa wakati mmoja, zilishtuka kidogo. Midomo ikafunguka, "Aah." Mmoja akacheka. Fundi akasimamisha mkono.

"Mbona mmeacha?" Tarumbeta aliuliza.

Wakamgeukia.

"Si umekatika," Wekundu alisema. Alikuwa amenuna bado, lakini alilisema.

"Umekatika saa ngapi?"

Wekundu akamwonyesha kwa kidole. Uzi ulikuwa unaning'inia pale, karibu na mkono wake. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba wengine walisikia ufagio ukiegemezwa ukutani, na ule uzi ulikuwa umekatika kwenye umbali wa kumpiga mtu busu. Alijilazimisha kukumbuka tik. Aliipata, lakini ilikuwa ile ya zamani, ile ya shangazi, kucha mbili zikiachiana.

Akageuka taratibu akaenda kwenye mashine yake.

Aliinama kwenye meno ya kwanza. Kwa mbali yalikuwa yale yale. Akaingiza kucha ya kidole gumba ufani, na kucha haikuingia. Ufa ulikuwa umejaa. Vumbi la pamba lilikuwa limeshindiliwa mle ndani na kuwa gumu kama kipande cha kofia ya sufu, na juu yake, sawasawa na ncha za chuma, kulikuwa na kimfereji chembamba kilichochimbwa na uzi. Uzi haukuwa ukipita kwenye meno. Ulikuwa ukipita juu yake, na vinundu vyake vyote, na maganda yake yote, unateleza kama maharusi wanaoshangiliwa.

Akaenda kwenye meno ya pili. Akaenda ya tatu. Hakuhitaji kuendelea, lakini aliendelea hadi mwisho wa mashine, mkono mmoja ukishikilia ukingo.

Sasa alikumbuka mwanzo wa msimu. Nyuzi zilikatika na hakuzisikia. Alizikuta zimeshakatika kadhaa kwa pamoja, na kwa kuwa zilikuwa nyingi na alikuwa amechelewa, alifunga mbio mbio, akauachia uzi, akakimbilia mwingine. Alifunga. Hakupuliza. Vumbi likakaa, likaita jingine. Uzi ukapanda juu kidogo kidogo, na kadiri ulivyopanda ndivyo ulivyoacha kukatika, na kadiri ulivyoacha kukatika ndivyo yeye alivyojisifu mkono wake. Koni za kijani zikatoka nzuri, nono, bila fundo hata moja, na zote, kwa amri yake, kwa sauti yake iliyofika hadi mapokezi, zikapelekwa mahali pamoja.

Akachomoa kile kipande cha pamba kutoka kwenye meno ya mwisho. Kilitoka kizima. Akakifumbata.

"Umeona nini?" Wekundu alikuwa amesimama nyuma yake. Tarumbeta hakumsikia akija, na safari hii hakujisingizia kwamba mwenzake kanyata. Akafungua kiganja. Wekundu akakitazama kile kipande, akamtazama yeye, akanyoosha mkono akamfuta vumbi begani, hapo ambapo hapakuwa na vumbi.

"Ule muhogo," Wekundu alisema, akihakikisha mdomo wake unaonekana, "sikuula wote."

Chumba cha ukaguzi kilikuwa ng'ambo ya uwanja. Mlango wake ulikuwa na kioo, na kupitia kioo hicho Tarumbeta aliwaona kabla hawajamwona. Kitambaa kilikuwa kimetandazwa juu ya meza ya kioo inayowaka taa chini yake, na chini ya mwanga ule vinundu vilionekana vyeusi, kama nzi waliotua. Mkaguzi, mwanamke mwenye miwani, alishika chaki. Msimamizi wa zamu alikuwa ameegemea meza. Mdogo wake alisimama mbele yao, mikono nyuma, kama siku ya kwanza ya shule.

Hakusikia kitu. Lakini midomo ilikuwa wazi kama siku zote.

"Unasema si mtambo," msimamizi alikuwa akisema. "Fundi naye anasema si mtambo. Basi ni uzi, au ni wewe. Kama ni uzi, tumboni mwa koni mlikuwa na kitambaa cha rangi gani?"

Mdogo wake akakitazama kitambaa.

"Rangi gani?" msimamizi akarudia. "Kila koni ina rangi. Niambie tu rangi."

Na Tarumbeta akamwona mdogo wake, aliyefundishwa kukunja pembe kwa pembe, ambaye hajawahi kuvisha koni bila kulitazama tumbo lake, akichora kwa midomo neno moja refu.

"Sikuangalia."

Mkaguzi akaandika alama ya mwisho kwenye kitambaa. Msimamizi akanyanyua mabega, uso wa mtu anayejiandaa kumshukuru mtu kwa utumishi wake.

Tarumbeta akasukuma mlango.

Wote watatu wakageuka, na wote watatu, hakuna aliyewaambia, wakajikaza kidogo, kama watu wanaoona mlango unataka kubamizwa na upepo. Msimamizi akainua kiganja. "Mama, tafadhali, polepole, humu ndani tunasikilizana." Mdogo wake akafumba macho. "Dada," akasema. "Nimekuomba."

Tarumbeta akakiweka kile kipande cha pamba juu ya meza, juu ya kitambaa, pale penye mwanga. Kimfereji chake kikaonekana vizuri, kama mstari uliochorwa na mtu mwenye mkono mtulivu. Akaingiza vidole mfukoni mwa aproni, akatoa kipande cha kitambaa cha kijani, akakiweka pembeni yake. Mkaguzi akasukuma miwani juu ya pua. Msimamizi akaangalia meza, akamwangalia yeye, bado anangoja kelele.

Haikuja. Alimshika mdogo wake kidevu, kama zamani alipokuwa akimpangusa uji, akamgeuza uso hadi macho yao yakakutana. Kisha akasema kwa namna ya ukumbini, mdomo ukilichora kila neno zima zima, na sauti ndogo mno hata msimamizi akainama, akauliza, "Anasemaje?"

"Uzi ni wangu, mdogo wangu. Siusikii tena ukikatika."